Mhamiaji si lazima awe malaika

Ukiwahi kujaza fomu ya viza, unaijua ile sauti. Nina kazi. Nina pesa benki. Nitarudi, haki ya Mungu. Kabla hujapanda ndege ushaanza kujifunza kuwa malaika. Shida ni kwamba sauti hiyo imeingia hata kwenye hadithi tunazopewa kuhusu walioenda majuu.

Chukua Dirty Pretty Things (2002), filamu ya Stephen Frears. Okwe, daktari Mnigeria, anaendesha teksi London mchana, na usiku yuko mapokezi hotelini, akitafuna miraa asilale. Usiku mmoja anakuta moyo wa binadamu umeziba choo. Kumbe meneja wa hoteli anawapa wahamiaji pasipoti, nao wanamlipa kwa figo zao. Kama picha ya jiji linalowala wanaolifagia, hiyo ni kali, na Chiwetel Ejiofor anaibeba vizuri sana. Lakini Okwe mwenyewe hana doa. Kosa analosakwa nalo kwao amesingiziwa. Hata akiiba dawa, ni za kumtibu mgonjwa. Kwani angekuwa mlevi tu asiye na shahada, tungemtakia mema?

Sam Selvon alishajibu swali hilo mwaka 1956. Yeye alitoka Trinidad akafika London 1950, na riwaya yake, The Lonely Londoners, imejaa watu ambao ubalozi wowote ungewakataa. Cap, Mnigeria pia, alitumwa kusomea sheria akazitafuna pesa za babake. Anahama hoteli moja hadi nyingine bila kulipa. Njaa ikimbana, anawanasa shakwe nje ya dirisha lake na kuwapika. Galahad naye anamkamata njiwa bustanini. Utacheka, halafu utakumbuka kwamba hawa ni watu wazima, kwenye jiji tajiri, wanawinda ndege ndio wale.

Selvon hawaombei msamaha. Tena msimulizi wake anaongea kama wao, Kiingereza cha Karibi toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fikiria riwaya ya Nairobi ambayo Sheng si ya makanga na watchman pekee, bali ndiyo inayosimulia kila kitu. Hapo hakuna mtu anayemtazama Cap kutoka juu.

Ana kasoro, na tusimfichie. Wasichana wengi mle ndani ni wa kukimbizwa na kusahauliwa. Anayesimama kwa miguu yake ni Tanty, shangazi ya Tolroy, ambaye analazimisha duka la mtaani liuze kwa mkopo, watu walipe Ijumaa. Ningesoma riwaya nzima ya huyo mama.

Halafu kuna wetu wa karibu, Abdulrazak Gurnah. Katika By the Sea (2001), Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anatua Gatwick na pasipoti ya jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Afisa anamnyang'anya kisanduku chake cha udi. Unamhurumia mara moja. Lakini polepole unagundua kwamba jina alilolibeba ni la mtu ambaye familia yake ilipoteza nyumba, na nyumba hiyo ikaishia mikononi mwa Saleh kwa sababu ya deni. Mtoto wa familia hiyo, Latif, anaishi London, na siku moja wataketi pamoja wabishane kuhusu kilichotokea. Gurnah hamsafishi Saleh kwanza ndipo ampe hifadhi. Mzee anastahili kitanda na mlango wa kufunga, hata kama mikono yake si misafi.

Ndiyo maana nasema anza na Selvon, kisha Gurnah, filamu uiache ya mwisho. Ukifika kwa Okwe, jiulize kama unampenda kwa sababu ni binadamu, au kwa sababu amejaza fomu vizuri.