Kiuno Kilichobanwa: Kwa Nini Baiskeli Inawezekana na Kutembea Hakuwezekani

Mzee akitoka Mikelenge kwa miguu kwenda katikati ya mji wa Kindu, miguu humfa ganzi na kuwaka moto njiani. Akikaa kidogo au akiinama, hutulia. Lakini mpe baiskeli, atafika. Tofauti hiyo inaonyesha ugonjwa ulipo na tiba inapoanzia.

Henk Verbiest, daktari wa upasuaji wa Uholanzi, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1954. Umri unaposonga, diski za kiunoni hupungua kimo, viungo vya pingili hukua na kano za nyuma hunenepa, hata mfereji wa uti wa mgongo ukabana neva za miguu. Ukisimama wima, kano hizo hujikunja ndani ya mfereji. Ukiinama, hunyooka na nafasi huongezeka. Mwaka 1977 watafiti Dyck na Doyle waliandika juu ya kipimo cha baiskeli: aliyezibwa mishipa ya damu huumia hata akiinama juu ya usukani, kwa kuwa misuli bado inadai damu. Aliyebanwa neva hupata nafuu.

Je, nafuu hiyo inaweza kudumu bila kisu? Utafiti wa Anthony Delitto na wenzake, Marekani, uliotolewa mwaka 2015, ulichukua wagonjwa 169 waliokwisha kukubali kupasuliwa. Kura iliwapeleka 87 kwenye upasuaji na 82 kwenye tiba ya viungo: vipindi viwili kwa wiki, kwa wiki 6, vya kukunja kiuno, kujenga stamina na kufundishwa namna ya kuutunza mgongo. Baada ya miaka 2, uwezo wa mwili wa makundi hayo ulikaribiana sana. Hata hivyo, 47 kati ya wale 82 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo utafiti hauthibitishi kwamba mazoezi ni sawa na upasuaji. Unaonyesha kwamba kuanza na mazoezi ni uamuzi wa busara.

Uamuzi huo unafaa katika jimbo la Maniema, uliko mji wa Kindu, ambako safari ya kumfikia daktari bingwa wa mgongo ni ndefu na ghali. Mgonjwa alale chali, avute magoti kifuani taratibu, kila siku. Atembee vipande vifupi na akae kabla maumivu hayajapanda. Mzigo utoke kichwani: uzito ukishuka juu ya mgongo uliosimama wima, mfereji huzidi kubana. Mzigo uleule ukifungwa kwenye baiskeli, magurudumu huubeba, naye anayeisukuma huinama mbele.

Subira ina mpaka. Mguu ukilegea ghafla, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, au ganzi ikishika sehemu za siri, hiyo ni dharura: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana neva zinaweza kufa kabisa. Kwa wengine wote, haki yao ya kwanza ni kufundishwa mazoezi haya vizuri, na kituo cha afya cha mtaani kinaweza kuyafundisha bila mashine yoyote.