Sekunde 90 za Kumsubiri Aliyehama

Fundi wa Linux utamjua kabla hajaigusa kompyuta. Mtazame anapomaliza kupakua faili la Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, gigabaiti 3 hivi, kwa bando la usiku. Wengi wetu tungelipeleka papo hapo kwenye flashi na kuanza kazi. Yeye anaandika sha256sum, amri inayokokotoa utambulisho wa faili, anabonyeza Enter, anangoja. Unatokea mstari wa herufi na tarakimu 64, naye anaulinganisha na ule uliotangazwa na Debian wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Faili lililopita kwenye mtandao wa kusuasua laweza kufika na kasoro isiyoonekana, na kasoro hiyo ikajitokeza katikati ya kazi, diski imeshafutwa. Dakika chache za kulinganisha humwepusha na jioni nzima ya kutafuta mchawi.

Huyu ninayemsema ni kijana wa mtaani kwetu, Morogoro. Watu humpelekea laptopu zilizotumika Ulaya, hasa ThinkPad za mwaka 2011 au 2012: nzito, kibodi zake tamu, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inadai prosesa mpya zaidi na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine hizi hukataliwa ingawa haziumwi popote. Debian haina masharti hayo, na ukiitumia na Xfce, ambayo madirisha na menyu zake ni nyepesi, ramu ya gigabaiti 4 inamtosha mtu anayeandika na kusoma.

Diski haiguswi mapema. Kwanza anaiwasha mashine kwa flashi peke yake, Debian ikaendeshwa kutoka humo, naye anajaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini. Anafunga kifuniko na kukifungua, aone kama itaamka. Zamani Wi-Fi ndiyo iliyotesa watu: kadi nyingi huhitaji firmwea, yaani programu ndogo ya kuziendesha, na Debian haikuiweka kwenye faili lake rasmi kwa kuwa nyingi si programu huria. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kubadili utaratibu, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 firmwea imo. Naamini waliamua vyema. Asiye na intaneti hawezi kupakua kile kinachompa intaneti.

Lakini ufundi wenyewe niliuona siku mwalimu mmoja alipoleta laptopu iliyokuwa ikichelewa kuwaka. Ilikuwa na Linux tayari, kisha mtu akaongeza Linux ya pili kando yake. Tangu hapo, ukiwasha ile ya kwanza, inatulia dakika moja na nusu bila kufanya lolote, ndipo inaendelea. Mwalimu alishaamini kuwa diski inakufa, na alikuwa ameanza kuulizia bei ya nyingine.

Kijana aliondoa ile nembo inayoziba maandishi wakati wa kuwaka, akaiwasha upya, akakaa kusoma. Mstari mmoja ulikuwa ukihesabu sekunde kuelekea 90, ukisubiri kipande cha diski chenye namba ndefu ya utambulisho. Ilipomaliza kuwaka aliandika blkid, amri inayotaja vipande vya diski na namba zake, halafu akafungua faili la /etc/fstab. Faili hili ndilo linaloiambia mashine kila kipande kikae wapi. Kila mstari una safu sita: ya kwanza hutaja kipande chenyewe, ya pili mahali pake, ya sita zamu yake ya kukaguliwa. Aliweka madirisha mawili sambamba, kidole kikitembea juu ya skrini. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu ulikuwa wa swap, lile eneo la diski linaloisaidia ramu inapojaa, na namba hazikufanana hata herufi za mwanzo.

"Mwalimu, diski yako nzima kabisa," alisema. "Inamsubiri mtu aliyehama."

Linux ya pili ilipowekwa iliiunda swap upya, na swap ikiundwa upya hupewa namba mpya. Ile ya kwanza haikuwa na habari; iliendelea kuitafuta namba ya zamani mpaka muda wake wa kungoja uishe. Kijana alinakili faili pembeni, akaandika namba sahihi, na mstari wa zamani hakuufuta. Aliuwekea alama ya # mwanzoni, mashine iuruke lakini mtu ausome, akaongeza tarehe. Akaendesha findmnt --verify kuhakiki kazi yake, ndipo akaiwasha upya. Naupenda sana mstari ule wenye #. Fundi mwingine akilifungua faili hilo miaka mitano ijayo, ataona kilichokuwepo na lini kilibadilishwa.

Linux yenyewe ilianzia kwenye kompyuta ya nyumbani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa na mashine yenye prosesa ya 386 na hamu ya kujua inavyofanya kazi kwa ndani. Tarehe 25 Agosti alipowatangazia wenzake kuwa anaandika mfumo endeshi wake, alisema anafanya kwa kujifurahisha tu. Leo Linux hiyo, ambayo ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, imo ndani ya kila simu ya Android, na bado mipangilio ya mfumo ni maandishi matupu anayoweza kuyasoma yeyote mwenye subira.

Kabla ya kuikabidhi laptopu, kijana alimuuliza mwalimu swali moja: umeme kwenu ukoje? ThinkPad nyingi hukubali kuambiwa zisichaji betri kupita kiwango fulani, na programu ya TLP huliweka hilo kwa mstari mmoja ndani ya /etc/tlp.conf. Betri inayoshinda kwenye chaja hudumu zaidi ikiishia asilimia 80. Lakini mwalimu husahihisha mitihani usiku, na kwao umeme hukatika bila taarifa. Walikubaliana ibaki 100 muhula ukiendelea, 80 shule zikifungwa, na kijana akamwonyesha mstari ulipo ili likizo ikifika aubadilishe mwenyewe.