Meza, Msumeno na Sufuria

Mara nyingi tunaambiwa kuwa istilahi za jiografia hazina budi kuwa ngumu, ati kwa sababu elimu yenyewe ni ngumu. Tukizichungua zile ambazo Kiingereza kimezikopa kutoka Kihispania, tutaona kuwa dai hilo halina msingi. Kwa Mhispania, kilima chenye kilele bapa ni "mesa", yaani meza, neno ambalo sisi tulilipata kwa Wareno. Safu ya milima yenye meno ni "sierra", yaani msumeno. Na shimo kuu la volkano, kama lile la kisiwa cha La Palma, ni "caldera", yaani sufuria kubwa. Haya ni maneno ya nyumbani na ya kazini. Kiingereza kilichukua majina, picha kikaiacha: humo "sierra" haikati tena, bali hukaririwa tu. Huo ndio upungufu wa ukopaji huo. Nasi, ambao Ngorongoro yetu ni "caldera" vilevile, tusione haya kukopa. Lakini kwanza tuulize jikoni mwetu. Neno linaloonyesha umbo la kitu limekwisha kufundisha nusu ya somo.