Ukuta Uliotiwa Katika Kadi

Sanaa ya dhahania ni ile isiyofuata sura ya kitu kionekanacho, bali hupanga mstari, umbo na rangi kwa kadiri ya nia ya msanii. Wengi wameijua kwa kadi za posta. Mondrian alichora "Broadway Boogie Woogie" mwaka 1942 na 1943 katika turubai ya sentimita 127 kila upande. Kadi yake hutosha kiganjani. Hasara hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ya kipimo tu. Usukumani, toka Shinyanga hata Geita, yapo mambo yaonyeshayo hasara kubwa zaidi.

Bayeye, chama cha siri cha wacheza na nyoka, walichora katika kuta za nyumba zao za mafunzo nyoka, jua, mwezi na mizimu. Hans Cory alichapisha nakala za michoro hiyo London mwaka 1953. Katika ukurasa, duara ni duara tu na mstari uliopindapinda ni pambo. Mtazamaji wa mbali huiita dhahania, akamsifu mchoraji kwa kuitupa sura ya kitu. Sifa hiyo ni potofu. Mchoraji hakutupa kitu. Aliyeachwa nyuma ni mwalimu, aliyemfunulia mwanachama mpya maana ya kila alama. Dhahania hiyo imezaliwa katika mtambo wa kupigia chapa.

Hata hivyo, si haki kuilaumu karatasi kwa kila jambo. Ukuta wa udongo huporomoka kwa mvua, karatasi hudumu. Tena zipo picha zilizokusudiwa kuuzwa tangu mwanzo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichorea wanunuzi kwa rangi ya baiskeli juu ya ubao, na kadi haimvunjii siri yoyote.

Nchi hii imezoea kutolewa mali yake: almasi ya Mwadui tangu 1940, dhahabu ya Geita tangu miaka ya 1930. Lakini dhahabu ni dhahabu popote ipelekwapo. Alama iliyotengwa na maana yake si alama tena. Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Basi mwenye kuchapa kadi ya ukuta kama huo hana budi kuandika nyuma yake jina la mahali, la chama na kazi ya nyumba. Maana isiyoruhusiwa kutajwa isitajwe. Lakini itajwe kwamba ipo.