Shairi la Siasa na Kina cha -wa

Hivi karibuni shairi moja la siasa lilipewa zawadi ya kwanza mbele ya ukumbi uliojaa, nami nilikuwepo. Mghani alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Beti 18 zilikwenda bila kujikwaa, vigelegele vikapigwa, na mwamuzi mmoja akatangaza kwamba ushairi wa akina Muyaka wa Mombasa ya kale umerudi. Niliomba nakala nikaisoma kimya. Beti zote 18 zilikuwa na kina cha kati cha -wa na kina cha mwisho cha -ni. Tumeonewa, tumeibiwa, tumesahauliwa. Taabani, mashakani, gizani. Waamuzi walisema shairi limetimia vina na mizani, wakaona wamemaliza kazi.

Kutimia vina na mizani ni sharti la kuingia ukumbini. Si sababu ya kupewa zawadi. Anayetaka kulipima shairi la siasa ana kazi nyingine ya kufanya baada ya kuhesabu, na kwa kuwa naona hesabu ndiyo imebaki peke yake, naandika hapa ninayoyajua.

Kwanza, lisome bila sauti. Ghani ni sanaa yenye heshima yake, lakini ghani nzuri hufunika mashimo ya mtunzi. Mahali ambapo mshororo umejazwa "jama", "kwa kweli", "nawambia" ili mizani nane zipatikane, mghani hodari hulivuta neno hilo likasikika kama uchungu. Kwenye karatasi huonekana lilivyo, yaani kijazio. Sheikh Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, aliwaruhusu watunzi inkisari, yaani kulifupisha neno, na mazida, yaani kulirefusha, kwa sababu ulimi una haja zake. Wengine wamezigeuza ruhusa hizo kuwa riziki. Shairi lenye mazida zaidi ya mbili katika ubeti mmoja liwekwe kando. Na shairi la siasa lisizidi beti saba. Utenzi una nafasi yake, lakini mwenye hoja juu ya utawala anayehitaji beti 18 hajaipata hoja yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji mgeni hupitwa nalo kila mara: kina kimetoka wapi?

Vina vyote masikioni ni sawa, lakini kwa mtunzi haviko sawa hata kidogo. Kuna kina kinachotoka katika mwili wa neno, na kuna kina kinachoning'inia mkiani kwa sababu sarufi imekiweka pale. Kiswahili ni karimu mno kwa vina vya mkiani. Kitenzi chochote ukikitia katika kauli ya kutendwa kitaishia na -wa. Nomino nyingi ukizifanya mahali zitaishia na -ni. Mtunzi anayevitegemea hivi hatakosa kina usiku wala mchana, na hapo ndipo maafa yanapoanzia, maana hakutafuta. Kina cha kutafutwa humlazimisha mtu apite katika maneno kumi asiyoyafikiria kabla hajalipata moja, na katika safari hiyo ndimo fikra mpya huzaliwa. Kina cha bure humrudisha palepale alipokuwa.

Mzee mmoja wa Pangani aliyenifunza kusoma mashairi alikuwa na namna yake ya kupima. Alichukua karatasi, akafunika kwa kiganja upande wa kulia ili maneno ya mwisho yasionekane, kisha akasoma mshororo kwa sauti ya kawaida hadi penye kidole chake. Hapo alikisia neno lililofichwa. Akilipata katika mshororo wa kwanza, alinyamaza. Akilipata tena katika wa pili na wa tatu, aliirudisha karatasi kwa mwenyewe bila neno, na kijana akaondoka anajua. Siku moja aliletewa shairi la mtu asiyemjua. Akakisia, akakosa. Akakisia tena, akakosa. Alipoondoa kiganja na kuliona neno, alicheka kwa furaha, akaita watu wa nyumbani waje wasikilize. Neno lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, la jikoni, lakini hakuna aliyekuwa amelitegemea hapo, na lilipofika lilionekana kwamba lisingeweza kuwa jingine. Sijapata kuona kipimo kizuri zaidi ya hicho.

Katika shairi la mapenzi kina cha mkiani ni uvivu tu. Katika shairi la siasa ni zaidi ya uvivu. Tazama mishororo hii miwili, niliyoitunga kwa mfano wa ile iliyoshinda:

Raia tumeonewa, haki yetu i shimoni,
Shamba limechukuliwa, tumebaki mashakani.

Hesabu: nane kwa nane, kina kwa kina. Sasa uliza nani kaonea. Nani kachukua. Shimo hilo liko wapi. Hakuna jibu, na halitakuja hata shairi likiendelea mpaka alfajiri, kwa sababu kina chenyewe kinalizuia. Kauli ya kutendwa inamruhusu mtendaji asitajwe, na mtunzi aliyejifunga kwa -wa amejifungia mlango wa kumtaja. Ndiyo maana mkubwa aliyekaa mstari wa mbele pale ukumbini alipiga makofi kuliko wote. Shairi lilisema watu wameonewa na halikumsema yeyote. Angeweza kulipigia makofi hata yule aliyelichukua shamba.

Vina vya -ni navyo vinampeleka msikilizaji mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Mashakani hakuna barabara. Gizani hakuna diwani wala mwenyekiti wa mtaa. Kama mtunzi anaitaka -ni, anazo Buguruni na Kisauni, sehemu zenye watu, mitaro na bili za maji. Akiziandika atalazimika kujua kitu juu yake.

Jambo lilelile sasa, kwa vina vilivyotoka ndani ya maneno:

Karani kaja na kamba, usiku akatupima,
Kafika mwisho wa shamba, kazika nguzo ya chuma.

Sidai kwamba ni ushairi mkubwa. Lakini yupo mtu, ana kazi yake, ana kamba mkononi, amekuja saa ambayo makarani hawafanyi kazi, na nguzo imebaki ardhini kama ushahidi. Halafu litazame neno "akatupima". Nilikuwa natafuta kina, nikakutana na habari kwamba waliopimwa si ardhi bali ni sisi. Sikuwa nayo fikra hiyo nilipoanza mshororo. Kina ndicho kilichonipa.

Kuna watakaosema kwamba washairi wetu wakubwa nao hawakutaja majina. Kweli hawakutaja, na hapa ndipo wengi huchanganya fumbo na ukungu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wa kuipinga serikali, "Kenya: Twendapi?" Gerezani aliandika mashairi yake kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yalipotoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, mojawapo lilikuwa "Mamba". Hamna jina la mtu ndani yake. Lakini yumo mamba, mwenye nguvu zake na majivuno yake, na anaambiwa kwamba nguvu hizo zina mwisho. Mtendaji hakufutwa. Amevishwa ngozi ya mnyama, na ndani ya ngozi hiyo anaonekana vizuri kuliko angeandikwa jina. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Vivyo hivyo Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa chama cha TANU, aliwaweka siafu na nyoka katika tungo zake za wakati wa kupigania uhuru, na kila aliyesikiliza alijua siafu ni nani na nyoka ni nani. Fumbo humficha mtu kwa asiyehusika tu. Kina cha -wa humficha kwa wote, pamoja na mtunzi mwenyewe.

Siikatai kauli ya kutendwa kila mahali. Katika maombolezo inafaa, maana aliyefanya ni Mungu na hakuna haja ya kumwuliza. Mtunzi anayeitumia mara moja katikati ya vitenzi vyenye wenyewe huweza kutikisa ubeti mzima. Ninachokataa ni kuifanya nyumba ya kulala.

Wadanganyifu nao wapo, na ni vyema waamuzi wawajue. Nimemwona mtunzi mmoja akiwapokea wakuu watatu wa wilaya, waliofuatana, kwa shairi lilelile. Aliacha nafasi ya mizani nne ndani ya kibwagizo, na kila mkuu alipobadilika, jina jipya liliingia mahali pa jina la zamani. Jina la mizani mbili liliongezewa "ee". La mizani tano lilikatwa. Wote watatu walisifiwa kwa kuleta maji. Toka siku ile kila shairi la sifa nalitia jina la mtu mwingine kabla sijalisoma vizuri. Likikubali kirahisi, nalirudisha.

Wengine hudanganya kwa ngonjera, shairi la majibizano. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala aliinua ngonjera ikawa chombo cha kuwaeleza watu siasa ya Ujamaa, na watoto wa shule waliisimamia jukwaani nchi nzima. Yeye alijua kazi yake. Waliomwiga walibakiza umbo tu: asiyejua anauliza, ajuaye anajibu, na katika ubeti wa mwisho asiyejua anashukuru. Ngonjera nzuri humpa mpinzani walau ubeti mmoja wenye nguvu, ubeti ambao msikilizaji ataondoka nao na utamsumbua njiani. Mpinzani akipewa maneno ya kijinga kuanzia mwanzo, hapo hapana malumbano.

Juu ya kibwagizo sitasema mengi. Maneno yake hayabadiliki, lakini maana yake ibadilike. Kikiwa katika ubeti wa mwisho kinasema kilekile kilichosemwa katika wa kwanza, mtunzi amesimama.

Na wenye mashairi huru wasidhani haya hayawahusu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo wengi walikasirika kwa kuwa haikufuata vina na mizani, na ugomvi huo umekula miaka mingi ambayo ingetumika kusoma. Kipimo changu ni kilekile kwake na kwao. Tena kwa mwenye shairi huru ni kikali zaidi. Mwanamapokeo akiandika "tumeonewa" anaweza kusingizia kina. Asiye na kina hana cha kusingizia. Kamficha mtendaji kwa hiari yake.

Zamani haya hayakuhitaji kuandikwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na magazeti yaliyofuata yakaiendeleza desturi hiyo. Mtu alitunga Tabora, akajibiwa kutoka Tanga, wa tatu akaingia kutoka Ujiji, na wasomaji walisubiri posta kwa hamu. Aliyeleta kina cha bure aliambiwa, tena kwa shairi, mbele ya watu wote. Mtunzi alikomaa akiwa anatazamwa na watunzi wenzake. Leo anatazamwa na mgeni rasmi, na wageni rasmi hawahesabu vina vilikotoka. Amri Abedi mwenyewe alikuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, na bado aliweza kukaa na watunzi akabishana nao juu ya mizani. Sijui mkubwa wa leo anayeweza kukaa hivyo.

Na kwa kuwa yule mwamuzi alimtaja Muyaka bin Haji, namrudishia Muyaka wake. Mombasa ilipogombana na Lamu katika miaka iliyozunguka vita vya Shela, na baadaye Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipoikazia macho Mombasa, Muyaka alitunga kwa ajili ya mji wake, beti fupi za kushika moyoni. Zilishikwa kweli. Miongo mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliweza kumsomea na kumfafanulia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, ndipo zikaandikwa na kuhifadhiwa. Upande wa pili wa ugomvi huo alikuwepo Zahidi Mngumi wa Lamu, naye hakunyamaza. Waliweza kujibizana kwa sababu kila mmoja alisema kitu ambacho mwenzake angeweza kukikataa. Beti 18 za "tumeonewa" haziwezi kukataliwa na mtu yeyote.

Basi mashindano yajayo, kabla ya kutoa zawadi, waamuzi wampe mtunzi wa pili lile shairi wanalolipenda, siku moja kabla, na wamtake alijibu kwa bahari ileile na vina vilevile, akisimama upande wa anayelaumiwa. Akirudi akasema hakuona wa kumsemea, zawadi hiyo ibaki mezani.