Kirikuu Isiyo na Injini

Ukitaka kumpima fundi anayegeuza gari la mafuta kuwa la umeme, usianze kwenye betri. Mwombe akuonyeshe sahani ya chuma aliyoiweka kati ya mota na giaboksi. Mota imetoka kwenye mashine moja, giaboksi kwenye nyingine, na walioziunda hawakuwahi kufikiria kwamba siku moja zingefungwa pamoja. Sahani hiyo ndiyo inayozioanisha, na ufundi wote uko hapo.

Kazi hii bado ni ngeni Dar es Salaam, lakini mikono inayohitajika ipo siku nyingi. Pita Tandika na Mtoni upande wa Temeke, au Mwananyamala na Tegeta upande wa Kinondoni: kuna wakerezaji wa vyuma, wachomeleaji, wasuka mota, mafundi umeme wa magari. Mota iliyoungua hapa haitupwi, inasukwa waya upya. Wengine wamepita VETA Chang'ombe, wengine wamejifunza kwa kushika spana za kaka zao. Hawa ndio wenye uwezo wa kazi hii, kuliko yeyote mwenye michoro mizuri asiyejua kukereza.

Tuseme gari ni Kirikuu, ile Suzuki Carry inayobeba nyanya alfajiri kuelekea soko la Temeke Stereo. Ni nyepesi, chesisi yake inafikika kirahisi, giaboksi ni ya mkono, na mwenyewe anajua safari zake za kila siku. Injini inashushwa pamoja na radieta, tangi na ekzosi. Mota inaweza kutoka kwenye foklifti ya umeme iliyochoka, na mji wenye bandari na maghala haukosi foklifti za namna hiyo.

Sasa inakuja sahani. Fundi anatafuta klachi pleti iliyokwisha. Kingo zake zimelika, lakini kitovu chenye meno bado kizima, na meno yale yanaingia kwenye shafti ya giaboksi sawasawa kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili yake. Anakikata kitovu, anakikereza, anakiunganisha na kipande kinachokamata shafti ya mota. Kisha anatoboa sahani, anafunga bolti, na kuweka geji ya mshale. Anazungusha shafti kwa mkono, polepole. Mshale ukicheza, analegeza, anagonga kidogo, anakaza, anazungusha tena. Tofauti anayoiwinda haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Anaweza kukaa hapo mchana kutwa, na mpita njia akadhani hakuna kinachofanyika.

Ana sababu ya kutokuwa na haraka. Kosa la sahani halionekani siku ya kwanza. Gari litaondoka vizuri, litasifiwa, litapigwa picha. Baadaye mtetemo utaanza kula bearingi, sili itavuja, na shafti inaweza kukatika ikiwa na mzigo. Fundi anayejiheshimu anaifanyia kazi safari ya miaka ijayo, ambayo mteja bado haioni.

Betri nazo zinadai uvumilivu wake. Zinaweza kutoka kwenye gari la umeme lililopata ajali, kama Nissan Leaf. Nissan Leaf za kwanza, zilizoingia sokoni Desemba 2010, zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 kwa hesabu ya LUKU. Ndani yake mna vipande 48, kila kimoja na seli 4. Gari likipata ajali, vipande vingi hubaki vizima, ila havilingani nguvu. Fundi anakijaza kila kimoja, anakiunganisha na taa za halojeni zimalize umeme wake, anapima muda na volti, anaandika matokeo juu ya kipande chenyewe. Vinavyolingana vinakaa pamoja, kwa sababu kipande kimoja dhaifu kwenye msururu kinawapunguzia wenzake wote nguvu. Vikibaki na theluthi mbili ya uwezo, ni uniti 16 hivi: kwa makadirio yangu, kama kilomita 80 za mjini. Mchuuzi wa nyanya zinamtosha.

Umeme wa betri hizi unaua. Ni mkondo mnyoofu, na cheche yake ikishashika haizimiki kirahisi kama ya umeme wa nyumbani. Ndiyo maana kwenye magari haya waya zenye volti kubwa hupewa rangi ya chungwa, na fundi makini hagusi kitu kabla ya kukata kiunganishi kikuu, kusubiri, na kupima. Breki pia zinadai heshima: hidrovaki ilikuwa ikivutwa na injini, na injini haipo. Lazima iwekwe pampu ndogo ya umeme ya kuvuta hewa, la sivyo pedali itakuwa ngumu na mzigo uko nyuma.

Tanzania imekwisha kuona kazi ya namna hii. Mwaka 2018 kampuni ya safari za kitalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club, ikishirikiana na kampuni ya Kifaransa Carwatt, ilipeleka Serengeti gari la Land Cruiser lililogeuzwa kuwa la umeme. Carwatt kazi yake ni kuzipa betri zilizokwisha kutumika maisha ya pili. Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa 2017 na sasa inaitwa Roam, iligeuza magari ya safari vivyo hivyo. Na Machi 2022, hapa Dar es Salaam, mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme. Yeye aliunda jipya, hakugeuza la zamani, lakini aliwathibitishia wengi kwamba linawezekana kwa mikono ya hapa.

Kwa hiyo wewe mwenye Kirikuu iliyokufa injini, usikimbilie kuiuza kwa kilo. Chesisi, difu na giaboksi zake huenda bado zina miaka ya kazi. Nenda kwanza kwa mkerezaji wa mtaani kwako, umuulize kama anaweza kukutengenezea sahani, na ukiona anachukua vipimo mara mbili kabla ya kukutajia bei, mwachie kazi.