Uzito wa Kopo

Kabla ya kuuliza lolote, mzee alikiinua kile chungu. Akakipima mkononi kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akakiweka chini, akakiinua tena. Binti aliyekileta, mfanyakazi wa ofisi mojawapo hapa Bariadi, alikuwa keshaanza kujieleza: majani ya ua lake yamelegea, analimwagilia kila asubuhi, dukani wamempa dawa ya kupuliza, amepuliza mara mbili, bado linanyauka tu. Mzee hakuwa akimtazama. Alikuwa ameinamisha pua juu ya udongo.

"Ng'wanawane," akasema, "hili halina kiu. Limezama."

Kitalu chake kiko kando ya barabara iendayo Lamadi, chini ya mwarobaini mkubwa, na kwa miaka yote niliyopita hapo sijapata kumwona akianza na jani. Anaanza na uzito. Chungu kizito chenye mmea uliolegea na chungu chepesi chenye mmea uliolegea ni kesi mbili mbalimbali, ingawa kwa macho mimea hiyo ni pacha. Ule wa chungu chepesi unataka maji, basi. Ule wa chungu kizito umenyweshwa hadi mizizi ikakosa hewa, ikaoza, na mzizi uliooza haunywi. Mmea unakufa kiu ukiwa umesimama majini. Naye mwenye huruma akiuona umelegea hukimbilia kata nyingine ya maji.

Alipitisha vidole viwili kwenye shina, akakipindua chungu, akakigonga kitako kwa kiganja. Gimba la udongo likatoka zima, jeusi, likinuka kama mtaro. Mizizi ilikuwa na rangi ya chai. Akaushika mmoja na kuuvuta taratibu: ganda likavuka, likabaki kwenye kucha zake, na mahali pake pakabaki uzi mwembamba. Akavuta mwingine, mweupe, uliokuwa juu karibu na ukingo. Huo ukakataa. "Mzizi mzima haukubali kuvuliwa nguo," akamwambia binti, na kwa mara ya kwanza binti akaacha kuzungumza.

Nami nikavuta kigoda nikakaa, kwa sababu ua lenyewe lilikuwa violeti ya Usambara, na kwa ua hilo nina historia.

Kwanza niseme juu ya udongo, maana mzee alitumia muda mwingi zaidi kwenye udongo kuliko kwenye wembe aliokatia mizizi. Wasukuma walishaupanga udongo wa nchi yao kabla hajafika mtaalamu yeyote na vipimo vyake. Kuna luseni, kichanga cha mwinuko kinachopitisha maji bila kinyongo. Kuna ibushi yenye chokaa, kuna itogolo ngumu, na chini kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaonata masika hadi kuvua watu viatu, kisha kiangazi ukapasuka nyufa za kumezea mguu wa ndama. Mbuga ni udongo wa heshima. Shambani, wenye kuujua hawausemi vibaya. Ila ukiutia ndani ya chungu umejenga kisima. Ukilowa unafunga, ukikauka unajikunja na kuachana na kuta za chungu, maji yakimwagwa yanateremka pembeni na kutokea chini, mwenye ua anadhani limekunywa. Binti alikuwa ameuchota nyuma ya nyumba, bure, kwa jembe. Mzee alichanganya luseni na samadi ya ng'ombe iliyolala hadi ikasahau harufu yake, akaongeza vipande vya mkaa vikubwa kama punje za mahindi. Akaukamata mchanganyiko huo mkononi, akaubana, akafungua ngumi: ukabomoka. Akaridhika.

Sasa historia yangu na ua hilo. Mama yangu alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Lushoto kwenye milima ya Usambara, akapangiwa kazi huku Usukumani wakati Bariadi ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu, mkoa wake wa sasa, ni wa juzi tu, wa 2012. Katika mizigo aliyokuja nayo kulikuwa na kopo la Kimbo, na ndani ya kopo kitambaa kibichi, na ndani ya kitambaa jani moja la violeti. Jani tu, na kikonyo chake. Alisafiri nalo siku kadhaa, akilifungua kila kituo kuangalia kama kitambaa kimekauka, hadi abiria wenzake wakadhani ana dawa ya kienyeji. Alipofika alichomeka kikonyo kwenye mchanga, akalifunika kwa gilasi, na baada ya wiki nyingi vikachomoza vijani vidogo pembeni yake kama vifaranga. Kutokana na jani lile tulipata makopo kumi na matatu, yamepangwa dirishani upande ambao jua la mchana halifiki.

Alikuwa na sharti moja ambalo watoto tulipolivunja tulipata viboko: usilimwagie juu. Jani la violeti lina malaika, na tone likikaa kwenye malaika halikauki upesi; likikaa moyoni mwa mmea, pale majani yote yanapokutana, moyo unaoza. Maji yalitiwa kwenye sahani chini ya kopo, ua likaachwa linywe lenyewe nusu saa, kisha yaliyobaki yakamwagwa. Tena si maji yoyote. Ya mtungini aliyakataa. Mgeni yeyote angeyasifu maji ya mtungi, baridi yake tamu, lakini mama alisema baridi hiyo ni ya koo la binadamu. Maji baridi yakigusa jani lenye joto huliachia duara na michirizi ya manjano, kama mtu aliyechora ramani ya visiwa, na ramani hiyo haifutiki. Wengi huiona wakasema ni ugonjwa, wakatafuta dawa. Maji ya maua yalilala kwenye ndoo kwenye pembe ya jiko hadi yafanane na hewa ya nyumba. Ya kisima chenye chumvi hakuyataka kabisa, kwa kuwa huacha ukoko mweupe kwenye ukingo wa kopo, na kikonyo kinachoegemea ukoko huo huungua na kukatika. Alikusanya ya mvua. Kiangazi, upepo wa Julai ukivuma na vumbi lake, aliyapanga makopo juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, kokoto zikiyashikilia makopo juu ya maji, ili mvuke uyapande. Alikuwa akiyatengenezea Lushoto ndogo.

Kwani ndiko maua hayo yatokako. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika ua hilo kwa jina la ukoo wa mtawala. Leo linauzwa katika madirisha ya dunia nzima, na watu wa Ulaya wanalo la rangi nyingi. Lile la asili linaishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ndani ya misitu ya Usambara, misitu ambayo nayo inapungua. Shangazi, dada wa mama, aliwahi kuniambia kwamba kijijini kwao walilikanyaga wakienda kuchota maji.

Mama alipofariki makopo yalikuja kwangu. Ninaandika hili kwa aibu. Mwaka wa pili, moja likaanza kubadilika: majani mapya ya katikati yakatoka madogo, magumu, yamejikunja ndani, malaika yake yamesongamana hadi yakawa ya kijivu, na maua yakakataa kufunguka. Nikasema lina njaa, nikatia mbolea. Nikasema linataka mwanga, nikalisogeza juani. Kisha nikafanya kile ambacho kila mtu wa mkoa huu wa pamba anaweza kukifanya: nikachukua dawa ya shambani iliyobaki kwenye chupa, nikalipuliza. Nikayapuliza na mengine, kwa tahadhari. Masika ilipokwisha nilikuwa na makopo kumi na matatu ya udongo.

Miaka baadaye nilimsimulia mzee. Hakunilaumu, aliniuliza tu kama majani ya nje yalikuwa mazima. Yalikuwa mazima. "Basi alikuwa moyoni," akasema. Ni utitiri, ila si ule mwekundu wa kwenye pamba unaofuma utando nyuma ya jani. Huyu ni mdogo kiasi kwamba jicho halimwoni, anajificha kwenye mikunjo ya kitovu cha mmea ambako dawa nyingi za kupuliza hazimfikii. Baadaye nilisoma kwamba Wazungu wamempa jina la ua jingine la vyunguni, siklameni, lenye kiazi, wanalolipenda wakati wa baridi yao. Nalo huozea moyoni likimwagiliwa juu ya kiazi, nalo hujikunja vilevile huyo mdudu akiingia. Mzee hajawahi kuliona siklameni, wala sidhani kama Bariadi kuna mtu analo, lakini nilipomweleza alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za binamu aliye ng'ambo. Ua lililoingiwa hutengwa na wenzake kwanza. Kama thamani yake ni kubwa, huzamishwa zima, na chungu chake, kwenye maji ya nyuzi 43 hivi kwa robo saa, yasizidi sana hapo, kwa sababu kati ya joto linalomuua mdudu na joto linalomuua mgonjwa nafasi ni ndogo. Kama thamani si kubwa, huchomwa. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa jingine. Mimi niliyashika yote kumi na matatu kwa mikono ileile.

Elimu hii mzee aliipata kwenye pamba. Alikuwa bwana shamba enzi ambazo bwana shamba alitembea kwa baiskeli, na alifundishwa kwamba kabla ya kupiga dawa unaingia shambani, unageuza majani, unahesabu: funza wa vitumba wangapi, vidukari wangapi, na wadudu marafiki wangapi wanaowala hao. Wakiwa wachache, unafunga bomba na kurudi nyumbani. Anapenda kusimulia jinsi watafiti wa kituo cha Ukiriguru walivyozalisha pamba yenye malaika kwenye majani ili chawajani ashindwe kutua vizuri. Malaika, anasema, ndiyo bunduki ya pamba. Kwa violeti ndiyo mtego wake wenyewe. Hadi leo ukimletea ua lenye vidung'ata, ule unga mweupe wa kwenye makwapa ya majani, hakupi chupa. Anachovya kipande cha pamba kwenye spiriti na kumgusa mdudu mmoja mmoja. Anaweza kukaa saa nzima kwenye ua la shilingi elfu tano.

Nani ana saa hiyo? Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi, hapahapa Simiyu, mwaka 2018, nilizunguka mabanda siku nzima, na palipojaa watu ni penye mabomba ya kupulizia. Sisemi ni vibaya. Mkulima mwenye ekari kumi hawezi kwenda na pamba na spiriti. Nasikitika tu kwamba haraka ya shambani imeingia sebuleni. Mtu anapiga picha jani moja la manjano kwa simu, anaituma, anajibiwa jina la dawa. Picha haina uzito. Haina harufu pia. Na wengine wamemaliza mjadala kabisa: meza za mapokezi, kumbi za harusi, hata barazani kwa watu wazima ninaowaheshimu, maua ni ya plastiki, yanafutwa vumbi kila wiki na kitambaa chenye sabuni.

Mzee alimwambia binti aliache ua lake kitaluni wiki tatu, akaandika jina lake kwa kalamu kwenye kipande cha plasta na kukibandika chunguni. Hiyo ilikuwa Machi. Nilipita tena mwezi Agosti. Violeti ilikuwa imechanua, maua saba ya zambarau, imewekwa kivulini juu ya sinia la kokoto, plasta imefifia lakini jina bado lasomeka. Nilimuuliza kama mwenyewe amewahi kuja. Akaliinua kopo, akalipima, akalirudisha.

"Kesho ndiyo linywe," akasema.